Kiboko cha saba kina bei gani?

Msomaji mpendwa, hebu mfikirie mwizi aliyeiba ng'ombe kumi, akakamatwa, akatozwa faini ya ng'ombe mmoja, kisha akaambiwa aende zake nyumbani na wale tisa waliobaki. Je, utasema mtu huyo ameadhibiwa? Ama utasema amenunua ng'ombe tisa kwa bei ya mmoja?

Swali letu la leo lafanana na hilo, ingawa halihusu ng'ombe. Lahusu farasi wa mashindano na wale wanaowapanda, yaani majoki, ambao kila mwaka huadhibiwa kwa kuwachapa farasi hao kupita kiasi. Wanatozwa faini, wanafungiwa nje ya uwanja kwa siku kadhaa, magazeti yanapiga kelele, halafu msimu unaofuata kesi ni zile zile. Kwa nini?

Wakazi wa Nairobi hawahitaji kuelezwa mchezo huu ni upi. Uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka wa 1954, na ni familia nyingi zilizowahi kupitisha Jumapili zao pale, watoto wakishangilia rangi za majoki huku baba akichungulia tikiti yake ya kamari mara kwa mara. Mchezo wenyewe uliletwa hapa na Waingereza, nao ndio walioandika sheria ambazo nchi nyingi zilianza nazo. Kwa hiyo, tukitaka kujua habari za mjeledi na adhabu zake, ni heri tuanzie kwao.

Kwanza tuelewane kuhusu mjeledi wenyewe. Mjeledi wa joki wa leo si kile kiboko cha ngozi ngumu ambacho wazee wetu walikiona mikononi mwa askari wa mkoloni. Nchini Uingereza, joki hutakiwa kutumia mjeledi uliofunikwa kwa sponji laini, na urefu wake usizidi sentimita 70. Ukimpiga farasi, hutoa sauti kubwa kuliko uchungu wake. Hivyo ndivyo wanavyosema wenye mchezo.

Majoki hutoa sababu mbili za kubeba kifaa hicho. Ya kwanza ni usalama. Farasi wa karibu kilo 500 akienda shoti kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kisha aanze kuyumba kuelekea kwa mwenzake, mjeledi humrudisha kwenye njia yake kabla watu hawajavunjika shingo. Sababu ya pili ni kumhimiza farasi akaze mwendo wakati ushindi uko karibu. Ya kwanza haina ubishi mwingi. Hii ya pili ndiyo inayoleta kesi.

Aprili 2011 mambo yaliharibika mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni. Yalikuwa mashindano ya Grand National, kule Aintree karibu na Liverpool, ambako wakati huo farasi walikuwa wakikimbia zaidi ya kilomita 7 kwenye njia ya viunzi 30. Siku hiyo kulikuwa na joto jingi. Farasi wawili walikufa. Mshindi, Ballabriggs, alifika mwisho akiwa hoi, joki wake akashuka upesi na farasi akamwagiwa maji. Joki huyo, Bw Jason Maguire, alifungiwa siku tano kwa kutumia mjeledi kupita kiasi. Lakini Ballabriggs alibaki mshindi, na zawadi ikabaki pale pale.

Watu wa kawaida waliuliza: inawezekanaje mtu avunje sheria ili ashinde, akiri sheria imevunjwa, na bado aitwe mshindi?

Mamlaka ya Mbio za Farasi ya Uingereza haikukaa kimya. Oktoba mwaka huo huo sheria yake mpya kali ilianza kutumika. Katika mbio za uwanja tambarare, joki asipige zaidi ya viboko 7. Katika mbio za kuruka viunzi, asizidishe 8. Fauka ya hayo, kwenye uwanja tambarare asipige zaidi ya mara tano katika mita 200 za mwisho. Atakayefungiwa siku tatu au zaidi angekosa pia malipo yake ya siku hiyo na fungu lake la zawadi.

Ghasia zilizofuata hazikuwa ndogo. Sheria hiyo haikuwa imemaliza hata wiki moja wakati Bw Richard Hughes, mmoja wa majoki hodari kabisa wa nchi hiyo, aliporudisha leseni yake kwa hasira baada ya kufungiwa mara mbili mfululizo. Siku mbili baadaye, Bw Christophe Soumillon kutoka Ubelgiji alishinda mbio za Champion Stakes huko Ascot akimpanda Cirrus des Aigles. Kwa sababu ya kiboko kimoja tu cha ziada, aliamriwa akose fungu lake, ambalo lilikuwa zaidi ya pauni 50,000.

Kelele zilikuwa nyingi mno. Kabla ya mwezi huo kwisha, wakubwa walikuwa wameufuta ule mpaka wa viboko vitano vya mwisho. Bw Hughes naye alirudi kwenye tandiko, na akawa bingwa wa majoki wa Uingereza miaka mitatu mfululizo, 2012, 2013 na 2014. Sheria kali haikuua kazi yake, wala haikuua mchezo.

Mbio za Hukum

Mwaka wa 2023 Waingereza walirudi tena kwenye meza. Safari hii mpaka uliteremshwa hadi viboko 6 kwenye uwanja tambarare na 7 kwenye viunzi. Joki asiinue mkono wa mjeledi kupita bega. Ampe farasi nafasi ya kuitikia kabla ya kumpiga tena. Asimpige farasi ambaye tayari ameshindwa, wala yule ambaye ushindi wake hauna shaka. Katika mashindano makubwa, adhabu ziongezwe maradufu.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa hili: joki akizidisha mpaka kwa viboko vinne au zaidi, farasi wake anyang'anywe nafasi aliyopata. Hapo sheria iliota meno kweli. Februari mwaka huo, siku chache tu baada ya kanuni hizo kuanza kwenye mbio za viunzi, farasi aitwaye Lunar Discovery alishinda huko Ayr, Scotland. Kamati ya kukagua matumizi ya mjeledi iliketi, ikatazama kanda, ikahesabu. Vilikuwa viboko 11 badala ya 7. Ushindi ukafutwa.

Sasa tazama yaliyotokea Julai 29 mwaka huo huo. Huko Ascot zilifanyika mbio za mfalme, King George VI and Queen Elizabeth Stakes, zenye zawadi ya jumla ya pauni milioni 1.25. Katika mita za mwisho farasi wawili, Hukum na Westover, walikuwa sambamba, pua kwa pua. Hukum, ambaye jina lake la Kiarabu kila Mswahili atasikia ndani yake neno hukumu, alishinda kwa kichwa tu.

Joki wake, Bw Jim Crowley, alikuwa amempiga viboko 9. Vitatu zaidi ya mpaka. Alifungiwa siku 20 na kutozwa faini ya pauni 10,000.

Usidhani adhabu hiyo ilikuwa mchezo kwake. Mwezi uliofuata, huko York, farasi mwingine hodari aitwaye Mostahdaf, ambaye Bw Crowley angetarajiwa kumpanda, alikwenda uwanjani akiwa na joki mwingine, Bw Frankie Dettori, na akashinda mbio kubwa za Juddmonte International. Bw Crowley alikuwa bado anatumikia adhabu yake. Kwa joki, kumwona mwenzake akishinda juu ya farasi ambaye angekuwa wake ni uchungu usiopimika kwa pauni.

Lakini Hukum alibaki mshindi. Wenye farasi walibaki na zawadi ya zaidi ya pauni 700,000. Kiboko kimoja tu cha ziada, cha kumi, kingewanyima yote hayo.

Msomaji, hebu tufanye hesabu ya darasa la tano. Sheria imeandika 6. Ushindi unapotea ukifika 10. Je, mpaka wa kweli ni upi machoni pa mtu anayetaka kushinda kwa kila hali? Kwa joki, gharama inaanza kwenye kiboko cha saba. Kwa mwenye farasi, inaanza kwenye cha kumi. Kati ya hapo pana viboko vitatu ambavyo mmoja anavilipia na mwingine anavila.

Marekani nako hadithi haiko mbali. Tangu Julai 2022, sheria ya taifa kule inaruhusu viboko 6, na visizidi viwili mfululizo bila kumpa farasi nafasi ya kuitikia. Mwezi wa Mei 2025, Bw Junior Alvarado alishinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri kuliko zote nchini humo, akimpanda Sovereignty. Waamuzi walihesabu viboko 8. Kwa kuwa lilikuwa kosa lake la pili katika muda mfupi, adhabu iliongezwa maradufu: dola 62,000 na kufungiwa siku mbili.

Dola 62,000 ni fedha nyingi. Lakini zawadi ya mshindi siku hiyo ilikuwa dola milioni 3.1, na huko joki wa farasi aliyeshinda kwa kawaida hupata asilimia 10, yaani dola 310,000. Hata akilipa faini yote, anabakiwa na dola 248,000 mkononi, pamoja na jina lake katika historia. Upande wa mwenye farasi haukupoteza hata senti moja, kwa sababu kule nako farasi hunyang'anywa zawadi joki akizidisha kuanzia viboko vinne. Ni watu wangapi duniani ambao wangekataa biashara hiyo?

Mbele moto, nyuma moto

Kabla hatujawarushia majoki mawe, tuwasikize. Kazi yao si ya anasa. Hujinyima chakula ili wasizidi uzani, huanguka na kuvunjika, na wengi wao hupata riziki ya kawaida tu. Joki hushinda mbio chache na kushindwa nyingi.

Zaidi ya hayo, kuna sheria nyingine inayomtaka afanye kila awezalo ili farasi wake apate nafasi bora kabisa. Akionekana amelegea karibu na mwisho, anaitwa mbele ya waamuzi, na anaweza kufungiwa kwa sababu hiyo. Akishindwa kwa kichwa huku mjeledi umetulia, mwenye farasi atamuuliza kwa nini hakujitahidi, na Jumamosi inayofuata farasi huyo atapewa mtu mwingine. Mcheza kamari aliyepoteza fedha zake atamtukana njiani. Akipiga sana, kamati inamngoja. Mbele moto, nyuma moto.

Ndiyo maana adhabu ya joki peke yake haitoshi. Anayeinua mkono ni yeye, lakini mkono huo unasukumwa na wengi: mwenye farasi, mkufunzi wake, na sisi watazamaji tunaopiga mayowe tukiona mbio zimekaribiana. Faida inagawanywa kwa watu wengi, lawama inabebwa na mmoja.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili vizuri. Dereva wa matatu akikamatwa kwa mwendo wa kasi, analipa faini au analala korokoroni. Lakini yule aliyempangia hesabu kubwa ya jioni, ambayo haifikiki bila kukimbia, amekaa nyumbani akitazama taarifa ya habari. Kesho atatafuta dereva mwingine, naye atakimbia vile vile.

Ngozi ya farasi

Wapo wanaoamini kwamba punda haendi bila kigongo, na kwamba farasi ni jamaa yake punda. Imani hiyo ndiyo inayoushikilia mjeledi uwanjani. Je, ni kweli?

Mwaka wa 2011, watafiti wawili wa Australia, David Evans na Paul McGreevy, walichapisha uchunguzi wao wa mbio zilizofanywa Sydney. Waligundua kwamba farasi walikuwa na kasi zaidi kabla ya mita 400 za mwisho, wakati ambapo hawakuwa wakichapwa. Mjeledi ulipoanza kufanya kazi, farasi walikuwa tayari wamechoka na kasi ilikuwa ikipungua. Kupigwa zaidi hakukuhusiana na kwenda kasi zaidi.

Mwaka wa 2020, watafiti wa huko huko walilinganisha ripoti za mbio 126 za Uingereza. Baadhi zilikuwa mbio za kawaida, na nyingine zilikuwa za majoki wanafunzi ambao hubeba mjeledi lakini hawaruhusiwi kumhimiza farasi kwa kumpiga, isipokuwa kwa mikono na visigino. Hawakupata tofauti katika muda wa kumaliza mbio, wala katika usalama, wala katika farasi kwenda njia iliyonyoka.

Mwaka huo huo, uchunguzi mwingine ulitazama ngozi ya farasi na ya binadamu kwa darubini. Katika tabaka la juu, ambako uchungu wa ngozi huanzia, farasi hana kinga inayotuzidi. Idadi ya neva ni karibu sawa na yetu. Kwa hiyo yule anayesema farasi hasikii, ajaribu kwanza kujichapa mwenyewe paja mara tisa, hata kwa mjeledi wa sponji.

Norway walianza kuzuia mjeledi wa kuhimiza tangu 1982, na bado mbio zao zinaendelea na mshindi anapatikana kila wiki. Nasi Kenya tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayohesabu kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa. Haikusema ni punda wa mkokoteni tu anayelindwa.

Hapa ndipo penye ajabu. Ikiwa mjeledi hauongezi kasi, basi mwenye farasi hapotezi chochote joki akiheshimu mpaka. Na ikiwa unaongeza kasi, basi viboko vitatu vya ziada ni wizi wa ushindi wa yule aliyefuata sheria. Vyovyote vile, hakuna sababu ya kuviacha vipite kwa faini.

Nani alipe?

Kwa maoni yangu, sheria ya kumnyang'anya farasi ushindi iliyoanza Uingereza mwaka wa 2023 ilikuwa hatua njema, lakini mlango wake uko mbali mno na mpaka. Fungu la zawadi ya mwenye farasi na mkufunzi lingekatwa kuanzia kiboko cha kwanza cha ziada, na ushindi wenyewe ukapotea mapema kuliko cha nne. Siku mwenye farasi atakapojua kwamba kiboko cha saba kinatoka mfukoni mwake, atamwambia joki maneno mapya kabla ya mbio: "Kijana, hesabu vizuri."

Kuna watakaosema kwamba ni dhuluma kumwadhibu mtu ambaye hakuwa juu ya tandiko. Lakini yeye ndiye aliyemchagua joki, farasi ni wake, na fungu kubwa la zawadi ni lake. Anayekula nyama ya mawindo hawezi kusema hajui mshale ulitoka wapi.

Wengine watawatetea wacheza kamari. Nchini Uingereza hilo halina uzito, kwa sababu kamari hulipwa kwa matokeo yaliyotangazwa siku ya mbio. Kamati ikifuta ushindi siku kadhaa baadaye, aliyelipwa amelipwa.

Wengine tena watasema joki hawezi kuhesabu huku moyo unamdunda. Mbona wengi wao wanaweza? Katika mbio nyingi sana majoki humaliza bila kuvuka mpaka. Mtu anayeweza kupima mwendo wa farasi kwa nukta za sekunde anaweza kuhesabu hadi sita.

Wazazi na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu huenda wakauliza farasi wa Ascot wanawahusu nini. Fikirieni mtihani wa kitaifa. Mwanafunzi akipatikana na mwakenya ndani ya soksi, matokeo yake hufutwa. Haambiwi alipe shilingi mia mbili halafu abaki na alama zake za juu. Tungefanya hivyo, watoto wa wenye fedha wangebeba mwakenya mchana kweupe, na faini ingekuwa sehemu ya karo.

Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Mtoto aliyemnyang'anya mdogo wake mandazi, akakemewa vikali na kisha akaachwa ayale, amefunzwa kitu, lakini si kile mama alichodhani amemfunza. Amefunzwa kwamba kelele za mama ndiyo bei ya mandazi, na si bei ghali.

Leo jioni, jamaa wakiwa mezani, waulizeni vijana swali hili: kama ungekuwa mmoja wa waamuzi wa Ascot siku ile ya Julai 2023, na Westover ameshindwa kwa kichwa tu, ungempa nani kombe? Msiwape jibu. Wacheni wabishane, kisha sikizeni nani atakuwa wa kwanza kuuliza habari za farasi mwenyewe.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia wiki njema.